Vakansi ya Kwenda Kusalimia

Ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Lubumbashi, na sasa ni miaka 18 niko kwenye kazi hii. Kila mwaka, tukifika kwenye somo la falme za zamani, nachora ubaoni ramani ya ufalme wa Bayeke. Naweka mto Lufira, naweka mishale ya njia za biashara, na pale penye mji mkuu, Bunkeya, naweka kitone cha chaki nyekundu. Wanafunzi wanakopi, kengele inalia, tunaenda nyumbani.

Siku moja binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 9, aliniangalia nikitayarisha somo hilo pa meza ya kulia, akauliza: "Baba, weye uliishaka kufika kule?" Nilimjibu kwamba kazi nyingi. Lakini usiku ule sikupata usingizi vizuri. Mama yangu mzazi ni Muyeke. Nyumba yake ya ukoo iko mahali pale pa kitone chekundu. Na mimi, mwalimu wa historia, mwenye diploma ya kufundisha mambo hayo, nilikuwa sijawahi kukanyaga Bunkeya hata siku moja.

Kwa hiyo nataka kuwaelezea namna tulivyopanga vakansi ya jamaa kwenda kuona mashamba na mahali pa bankambo. Nitaanza na namna tulivyoharibu mara ya kwanza, kwa sababu kosa lile ndilo lililonifundisha kazi yenyewe.

Ilikuwa vakansi kubwa ya mwaka 2018. Tulifanya mpango sawa watu wa mji wanavyofanya. Tulihesabu falanga. Tuliazima gari ya jirani. Tulinunua mikate, maji, na bidoni ya mafuta ya akiba. Niliangalia ramani, nikachagua kijiji kimoja upande wa Lufira, ambapo nilikuwa nimesikia kwamba kuna pango la zamani watu walimojificha wakati wa vita. Nikawaambia watoto: "Kesho tunakwenda kuona historia kwa macho."

Tulifika saa sita ya mchana, vumbi hadi ndani ya masikio. Nilisimamisha gari chini ya muembe, nikauliza watoto wa kijiji njia ya kwenda pangoni. Kijana wangu mkubwa alikuwa tayari ameshika telefone mkononi juu ya kupiga picha. Mzee mmoja, aliyekuwa amekaa kwenye kiti kifupi akitengeneza kinga yake, alisimama, akatukaribia polepole.

"Jambo, baba. Unatafuta nani?"

"Jambo, tata. Sitafuti muntu. Tunakuya kuangalia pango. Mi ni mwalimu."

"Mwalimu wa wapi? Nani alikutuma? Uko mutoto wa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilianza kusema juu ya historia, juu ya urithi wa taifa, maneno yale ninayosemaka mbele ya darasa. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akasema: "Mwalimu, bankambo betu habako sinema. Mukirudia siku ingine, mukuye na muntu wa kuwaleta."

Hakututukana, wala hakutuomba pesa. Aliwaita wanawake wa kwake, tukapewa bukari na sombe, watoto wakala wakashiba. Lakini pangoni hatukuenda. Tuligeuza gari, na kwa njia yote ya kurudi hakuna aliyesema neno. Mimi niliona haya mbele ya watoto wangu, haya ya muntu mukubwa anayesahihishwa kazi yake kwa wino mwekundu.

Usiku ule tulilala Likasi kwa baba mkwe wangu. Alikuwa mzee aliyefanya kazi ya mgodi miaka mingi, sasa amepumzika, na jioni alikuwa anapenda kukaa barazani na kikombe chake cha munkoyo. Tulipomaliza kumuelezea, alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mukwe," akasema, "ulienda na motokari, lakini haukuenda na muntu."

Neno hilo nililiandika. Na mwaka 2022, tulipoanza kupanga tena, ndilo lilikuwa mstari wa kwanza wa daftari. Tulichukua daftari ya shule, watoto wakakaa kuzunguka meza, na badala ya kuanza na hesabu ya falanga tuliandika maulizo.

Ulizo la kwanza: nani anatujua kule? Kila mahali tulipotaka kufika, tulitafuta jina la muntu kwanza. Kwa Bunkeya, mama yangu alitupa jina la mpwa wake, na mwalimu mmoja tuliyesoma naye chuoni, ambaye anafundisha upande ule, akakubali kupeleka barua yetu kwa wazee. Mahali ambapo hatukupata muntu, tulipafuta kwenye daftari, hata kama palikuwa pazuri. Kwa mfano, nilitamani sana kuwaonyesha watoto maporomoko ya Lofoi, katika hifadhi ya Kundelungu, ambapo maji yanaanguka zaidi ya mita 300 kwa mrukio mmoja. Hatukuwa na mwenyeji, na gari yetu haingeweza njia ile. Tuliacha kwa siku ingine.

Ulizo la pili: wakati gani? Hapa tulibishana. Bayeke wanakumbuka kifo cha Mwami M'siri kila tarehe 20 Desemba, na kijana wangu alitaka tufike siku ya sherehe, juu ya ngoma na watu wengi. Lakini Desemba ni mvula. Kutoka Likasi kwenda Bunkeya njia ni ya udongo, na gari ndogo inaweza kulala matopeni siku mbili. Tena wakati ule mimi niko na makaratasi ya mitihani mpaka shingoni. Tukachagua Julai. Na hapo nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nalifundisha bila kulifikiri: wafua shaba wa zamani nao walikuwa wanatoka vijijini wakati wa kiangazi, kisha mavuno. Walikwenda kuchimba malakiti, wakajenga matanuru kwa udongo wa kichuguu, wakayeyusha shaba mpaka mvula ikaribie. Bankambo walijua kalenda ya safari mbele ya wizara kuiandika.

Ulizo la tatu: tutalala wapi, tutakula nini? Tuliamua kulala kwa jamaa na kula chakula cha wenyeji, lakini kubeba chakula chetu kibichi na kukitoa jikoni, juu ya kutolemea watu. Mfuko wa unga, samaki wakavu, mafuta, chumvi, sukari. Ulizo la nne: tunapeleka nini mkononi? Kitambaa kwa mama wa nyumba, sabuni, na kitu kidogo kwa mzee wa makaburi. Binti yangu aliongeza madaftari na kalamu kwa watoto wa kule. Nilifurahi kwamba hakuna aliyemwambia.

Nilifikiri tumemaliza. Ndipo bibi yangu, aliyekuwa ananyamaza muda wote akichambua matamba, akauliza lake.

"Baba, umepanga siku tatu ku Bunkeya, na saa mbili kwa bantu betu. Batoto ba hii nyumba beko na bankambo ba upande mumoja tu?"

Msomaji wa Katanga amekwisha kuelewa. Bibi yangu ni Musanga.

Kwa wasiojua, niseme kwa kifupi. M'siri alizaliwa upande wa Tabora, katika Tanzania ya leo, kwa Basumbwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanya biashara wa shaba, na katikati ya karne ya 19 kijana wake alikuja kukaa huku, akajenga ufalme ulioitwa Garenganze. Watu wake walileta ufundi wa kuvuta nyaya za shaba. Misafara yake ilipeleka shaba, pembe za ndovu na chumvi mpaka pwani ya Zanzibar upande wa mashariki, na Benguela, kule Angola, upande wa magharibi. Ilipeleka pia watu. Waliouzwa walikuwa watoto wa nchi hii, na Basanga ni kati ya waliolipa bei kubwa. Waliasi, na mwaka 1891 vita vyao vilikuwa vimeleta njaa ndani ya Bunkeya yenyewe. Ndipo msafara wa Kapiteni Stairs ukafika kwa jina la Dola Huru la Kongo. M'siri alikataa kupandisha bendera yao, na tarehe 20 Desemba 1891 Mbelgiji mmoja, Kapiteni Bodson, akamuua kwa risasi. Bodson naye aliuawa palepale. Wazee wanasimulia kwamba kichwa cha Mwami kilikatwa na kuchukuliwa, na swali la mahali kilipo halijaisha.

Kwa jamaa ya mama yangu, huyo ni mfalme aliyekataa kuuza nchi. Kwa jamaa ya bibi yangu, ni mgeni aliyeuza watoto wao. Na kisha Bayeke kuanguka, Basanga hawakupumzika: shefu wao Mulowanyama alipigana na askari wa Dola, akazingirwa pangoni na watu wake, na wengi wakafia humo. Kambo mwanamke wa baba mkwe wangu alisimulia mambo hayo kwa sauti ya chini, sawa na anayeogopa kuamsha mtu.

Miaka 17 ya ndoa yetu, mambo haya tulikuwa tunayachezea kwa utani. Yeye ananiita mutoto ya bakuya, mimi namuita muasi, tunacheka. Usiku ule hatukucheka. Nilielewa kwamba nilikuwa nikipanga kuwapeleka watoto kwenye kaburi la mtu mmoja, na kuwapitisha kando ya watu walioteseka kwa ajili yake bila hata kushuka garini. Tulichukua ufutio. Tukaweka siku mbili na siku mbili. Na bibi yangu akasema jambo ambalo mimi nisingethubutu: tumuombe baba yake atusindikize katika safari yote, mpaka Bunkeya.

Mzee alikataa. Alisema miguu inauma. Tulimtumia mjukuu wake wa mwisho kwa telefone, akauliza tu: "Kambo, nani ataniambia majina ya miti?" Mzee akanyamaza. Kisha akasema atafika mpaka kwa Basanga, kule Bunkeya tutaona.

Sasa niwaelezee safari kwa ufupi. Tuliianzia hapahapa mjini, wiki moja mbele ya kuondoka, kwenye Makumbusho ya Lubumbashi. Watoto waliona misalaba ya shaba, ile iliyokuwa feza ya nchi hii kwa karne nyingi, na ambayo wachimbuaji waliikuta hata katika makaburi ya kale kando ya ziwa Kisale. Mwambie mtoto kwamba alama iliyopo katika picha na vitambaa vya Katanga ilikuwa kwanza pesa ya kununulia jembe, utaona macho yake.

Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilomita 120 hivi, lami, na kamyo za migodi nyuma na mbele. Tulishuka upande wa Kapolowe kununua samaki na kuangalia ziwa la Tshangalele. Watu wengi wanafikiri ziwa lile ni la Mungu tangu mwanzo. Lilitokana na ukuta wa Mwadingusha, kwenye Lufira, na kituo chake cha umeme kilianza mwaka 1930. Chini ya maji yale kuna nchi ya watu. Karibu na Likasi nilionyesha kwa kidole tu upande wa Shinkolobwe, ambako ilitoka uranium ya bomu la Hiroshima la mwaka 1945. Kule haturuhusiwi kuingia. Kijana wangu aliniuliza juu ya nini mahali palipogeuza dunia hapana hata kibao kinachosomeka barabarani. Nilimwambia aandike ulizo lake katika daftari. Bado limo, halina jibu.

Kwa Basanga tulipokelewa sawa watoto wa nyumba, kwa kuwa mzee alitutangulia. Yeye ndiye aliyesema majina yetu mbele ya wazee, wa kwanza mpaka wa mwisho, nani mutoto wa nani. Niliona namna kazi ile inavyofanywa: dakika kumi za kutaja majina, na milango yote ikafunguka. Jioni wanawake waliwaeleza binti zetu namna chumvi ilivyokuwa inatengenezwa kwa udongo wa chemchemi za Mwashya, kuchuja na kuchemsha, na namna watu walivyotoka mbali kuinunua. Mvulana wangu alilia moshi na kujifunza kutengeneza mpini wa jembe. Hakuna rezo, hakuna umeme. Siku ya kwanza alinung'unika, siku ya pili alisahau telefone ndani ya mfuko.

Asubuhi ya tatu, wakati wa kuondoka kwenda Bunkeya, baba mkwe alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake na kukaa garini, kiti cha mbele. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Bunkeya ilitupokea vizuri. Mpwa wa mama alitungoja njiani, akatupeleka kwanza kusalimia wazee, halafu ndipo makaburini. Mzee wa pale aliongea na watoto, akawaelezea Mwami aliyekataa bendera. Aliongea kwa uzuri na kwa majivuno. Alipomaliza, baba mkwe wangu aliomba ruhusa ya kusema. Moyo wangu ulipiga. Alisema kwamba yeye ni Musanga, na kwamba kambo yake alipoteza ndugu wawili kwenye njia ya watumwa, na kwamba hawa watoto wanaosimama hapa ni wajukuu wa pande zote mbili, basi wasikie na hii.

Kulikuwa na kimya. Mzee wa Bunkeya aliangalia chini, kisha akasema: "Eyo. Ile nayo ni kweli. Tunaijuaka." Akavuta kiti, akamkaribisha baba mkwe akae karibu naye. Waliongea mpaka jua kuanguka. Mimi, mwalimu, niliandika mpaka wino ukaisha.

Njiani kurudi, mjukuu mdogo aliuliza: "Kambo, sasa umemusamehe M'siri?"

Mzee alifikiri muda mrefu. "Mi siyamusamehe. Lakini muntu akifika kwa muntu, anamusalimia. Mi nimemusalimia."

Alituaga mwaka 2023, mwanzoni mwa mvula. Kwenye matanga, mzee mmoja alitoka Bunkeya, akapita njia ile ya matope, akaja kukaa na Basanga siku mbili. Kama tungengoja falanga zitoshe, au gari iwe nzuri, mambo hayo yote yangekwenda naye kaburini, na mzee yule asingejua mlango wa kupigia hodi.

Sasa darasani ninafundisha somo lile kwa namna ingine. Bado naweka kitone chekundu, lakini naweka na kingine kwa Basanga, na wanafunzi wanasoma maneno ya wazee wawili, kila mmoja kwa upande wake. Wananiuliza nani ana haki. Nawaambia waende kwanza nyumbani, waulize kambo wao alitoka upande gani.

Ndugu wa chama chetu, vakansi zinakaribia tena. Wenye uwezo watakwenda mbali, na siyo kosa. Lakini kwa wale walio na mshahara sawa na wangu, nasema safari hii inawezekana. Usianzie na ramani. Anza na mzee wa jamaa yako, muulize majina, na muulize pia majina ya waliokuwa maadui wa jamaa yako. Tuma barua mbele. Beba unga wako. Ukifika, acha telefone mfukoni mpaka uambiwe toa. Na kama watu wanasema hapana, kula bukari yao kwa shukrani, urudi mwaka ujao na muntu wa kukuleta.

Kuhusu kijiji kile cha kwanza, cha pango na mzee wa kinga: safari hii binti yangu ndiye anashika daftari. Jana alinionyesha mstari wa kwanza. Ameandika jina la mwanamke mmoja wa sokoni, anayeuza karanga karibu na shule yetu, ambaye alizaliwa kule. Ameshaongea naye mara tatu.